Mjane Ugenini: Safari ya Kujitambua katika Maandishi ya Sayyida Salme

Utangulizi

Katika taaluma ya fasihi ya Kiswahili, habari za safari aghalabu zimehesabiwa kuwa ni habari za wanaume. Mwanafunzi anayetaka kujua namna watu wa pwani walivyoziona nchi za wengine katika karne ya 19 huelekezwa kwa Selim bin Abakari, aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896, au kwa Mtoro bin Mwinyi Bakari na safari yake ya Udoe na Uzigua. Habari zote mbili zilitiwa na Carl Velten katika mkusanyo wa Safari za Wasuaheli wa mwaka 1901. Maandishi hayo ni ya thamani kubwa, lakini yanashirikiana katika muundo mmoja: msafiri huondoka, huona, hurejea, kisha husimulia. Macho yake yametazama mengi, ilhali nafsi yake, kwa kadiri msomaji anavyoonyeshwa, imerudi kama ilivyoondoka.

Makala haya yanakusudia kueleza safari ya namna nyingine, nayo ni ya mwanamke aliyefiwa na mumewe katika nchi ya ugeni, akalazimika kuitembea nchi hiyo mji baada ya mji ili apate kuishi, na katika kutembea huko akajikuta anajiuliza yeye ni nani. Mwanamke huyo ni Sayyida Salme binti Said, aliyejulikana baadaye kwa jina la Emily Ruete. Alizaliwa Unguja mwaka 1844 na kufariki Jena, Ujerumani, mwaka 1924. Kitabu chake cha kwanza, Memoiren einer arabischen Prinzessin, yaani Kumbukumbu za Binti Mfalme wa Kiarabu, kilitoka Berlin mwaka 1886. Cha pili, Briefe nach der Heimat, yaani Barua kwa Nyumbani, hakikuchapishwa katika uhai wake. Kilijulikana kwa tafsiri ya Kiingereza iliyotolewa Leiden mwaka 1993, na matini yake ya Kijerumani yakatoka mwaka 1999.

Swali linaloongoza maelezo haya ni la kitaaluma, lakini lina uzito wake hata nje ya taaluma. Je, maandishi ya binti wa Unguja, aliyekulia katika Kiarabu na Kiswahili lakini akaandika kwa Kijerumani, yana haki ya kusomwa katika idara za Kiswahili? Na yakisomwa, yanafundisha nini juu ya ujane, ugeni na kujitambua?

Maneno yenyewe

Yafaa kwanza kuyaangalia maneno matatu yanayobeba mada hii.

La kwanza ni ujane. Katika desturi ya Waislamu wa pwani, ujane huanza kwa eda, muda wa miezi minne na siku kumi ambao mwanamke aliyefiwa hukaa ndani, hajipambi, wala haposwi. Katika muda huo huitwa kizuka. Neno hili limetokana na kitenzi kuzuka, na lina maana nyingine pia, nayo ni kiumbe cha kutisha kinachotokea ghafla. Lugha yenyewe, basi, inamwona mwanamke huyu kuwa yu katikati ya hali mbili: ametoka kuwa mke wa mtu, na bado hajawa mtu peke yake. Lakini eda ina mwisho unaojulikana. Siku zikitimia hutolewa, huogeshwa, huvishwa, naye hurudi katika jamii akiwa na nafasi yake.

La pili ni ugeni. Hali ya mgeni katika Kiswahili ni hali ya muda. Methali isemayo kwamba mgeni ni siku mbili, na ya tatu apewe jembe, haimfukuzi mtu. Inamtaka aache ugeni, aingie katika kazi za wenyeji. Mgeni asiyepewa jembe wala asiyeachwa aende zake ni mtu ambaye methali haikumfikiria.

La tatu ni kujitambua. Kiambishi -ji- humfanya mtenda kuwa mtendwa: anayetambua ndiye anayetambuliwa. Lakini hakuna anayehitaji kutambua asichokuwa amekipoteza, au kisichobadilika sura. Kwa hiyo kujitambua hutanguliwa na kujipotea. Ndiyo maana safari na ujane, ambavyo vyote viwili humwondoa mtu mahali pake pa kawaida, vinaweza kuwa mlango wa hali hiyo.

Kutoka Mtoni hadi Hamburg

Salme alizaliwa katika jumba la Bet il Mtoni. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi aliyetekwa vitani angali mtoto. Jumba hilo lilikuwa na watu wa asili nyingi na lugha nyingi: Kiarabu, Kiajemi, Kituruki, Kicherkesi, Kihabeshi, Kinubi na Kiswahili. Mtoto aliyekulia humo alijua mapema kwamba lugha ni vyumba, na kwamba mtu huingia na kutoka.

Wasichana wa jumba walifundishwa kusoma tu. Salme alijifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia. Jambo hili si dogo, kwani kalamu hiyo iliyopatikana kwa siri ndiyo iliyoendesha maisha yake yote. Mwaka 1859, angali msichana wa miaka 15, alitumiwa kama katibu wa njama za kaka yake Barghash dhidi ya kaka mwingine, Sayyid Majid, aliyekuwa kwenye kiti. Njama zilishindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki kati ya pande mbili. Alipopatana na Majid, upande wa Barghash ulimhesabu kuwa msaliti.

Hapo ndipo ulipoingia urafiki wake na mfanyabiashara wa Hamburg, Rudolph Heinrich Ruete. Mwaka 1866, akiwa mja mzito, aliondoka Unguja kwa siri katika manowari ya Kiingereza iliyoitwa Highflyer, akafika Aden. Huko alijifungua mtoto wa kiume. Huko pia, tarehe 30 Mei 1867, alibatizwa kwa jina la Emily na kuolewa siku hiyo hiyo. Mtoto yule hakufika Hamburg, kwani alifariki njiani, katika nchi ya Ufaransa. Safari ya Salme, kwa hiyo, ilianza kwa matanga kabla ya kuanza kwa makazi.

Mwaka 1870

Katika miaka mitatu ya Hamburg walizaliwa watoto watatu, mabinti wawili na mwana mmoja. Mapema mwezi Agosti 1870, Ruete alipata ajali ya gari la reli lililokokotwa na farasi, akafariki baada ya siku chache. Mjane alikuwa hajatimiza miaka 26, na mtoto wake wa mwisho hakuwa na miezi minne.

Katika Barua, kifo hiki ndicho kitovu cha masimulizi. Ruete alikuwa ameishi Unguja miaka mingi, na Kiswahili alikijua. Alikuwa ndiye mtu pekee katika mji ule ambaye maisha ya mkewe ya awali hayakuwa hekaya kwake. Alipofariki, Salme alipoteza mume, na pamoja na mume alipoteza shahidi. Hapakuwa tena na mtu wa kumwambia jambo la Mtoni bila ya kulazimika kueleza kwanza Mtoni ni nini.

Juu ya hayo kuliongezeka jambo la sheria. Katika Hamburg ya wakati ule mjane hakuachiwa kusimamia mali na watoto wake peke yake. Aliwekewa wasimamizi wanaume. Kwa mwanamke aliyetangazwa kuwa mtu mzima akiwa na miaka 12 baada ya kifo cha baba yake, akakabidhiwa urithi na shamba lake mwenyewe, huu ulikuwa mgeuko mkubwa. Watu wa Ulaya walikuwa wakimhurumia kwa kuzaliwa katika nchi ambayo, kwa fikira zao, mwanamke hakuwa na haki, kumbe haki ya kumiliki na kuendesha mali alikuwa nayo Unguja na kuikosa Hamburg. Sura ya Kumbukumbu juu ya hali ya mwanamke wa Mashariki, ambayo imewahi kusomwa kama utetezi mtupu wa kwao, inaeleweka vizuri zaidi ikisomwa kama neno la mjane aliyeonja sheria zote mbili.

Ndipo likaonekana lile ambalo desturi ya eda humkinga nalo mwanamke. Eda humfungia mjane ndani, lakini humhesabia siku. Salme hakuwa na wa kumhesabia. Ukizuka wake haukuwa na siku ya kutolewa. Mwezi Oktoba mwaka ule ule Sayyid Majid naye akafariki, na Barghash akashika kiti. Mlango wa kurudi nyumbani, uliokuwa umebaki wazi kidogo, ukafungwa.

Kutembea nchi ya watu

Kuanzia hapo maisha yake yakawa ya kuhama: Dresden, Rudolstadt, Berlin, Köln. Hakuhama kwa ajili ya kutalii. Alihama kwa kufuata maisha yasiyo na gharama kubwa na mahali pa kusomeshea watoto, akifundisha Kiarabu ili kujikimu. Mwaka 1875 alikwenda London kwa matumaini ya kuonana na Barghash aliyekuwa ziarani huko. Wakuu wa Kiingereza walimshawishi asimwendee, kwa ahadi ambazo yeye mwenyewe anaeleza kwamba hazikutimizwa.

Je, kuhama huko kwaweza kuitwa safari ya kujitambua? Jibu la makala haya ni ndiyo, kwa sababu mbili.

Kwanza, kila mji ulimlazimisha kufanya kwa mikono yake kazi ambayo awali ilifanywa na wengine: kupika, kufua, kuhesabu fedha, kubishana na mwenye nyumba. Binti wa mfalme aliyezoea kuhudumiwa alijikuta anajifunza uwezo asioujua kuwa anao. Pili, kila mji ulimtazama upya. Mahali pengine alikuwa kioja, pengine alihurumiwa, pengine aliheshimiwa kwa ukoo wake. Mtu anayetazamwa kwa namna nyingi hatimaye hulazimika kujitazama mwenyewe. Kuandika kwake ndiko kujitazama huko.

Lugha ya kuandikia

Kwa msomi wa lugha, hapa ndipo penye fundo la jambo. Barua zimepewa umbo la maneno kwa rafiki aliyebaki Unguja, lakini zimeandikwa kwa Kijerumani, lugha ambayo rafiki wa namna hiyo asingeweza kuisoma. Anayesemeshwa yuko pwani ya Afrika Mashariki, na lugha inayotumika ni ya Ulaya ya Kaskazini. Pengo hilo si kosa la fani. Ndilo lenye kuonyesha hali ya mwandishi kwa uwazi kuliko maelezo yake yote: moyo unaelekea upande mmoja na ulimi umekwisha kuelekea mwingine.

Kumbukumbu nazo hapo awali ziliandikwa kwa ajili ya watoto wake, waliokulia katika Kijerumani. Mama aliyedhani kwamba huenda asiishi kuwasimulia alitaka wajue walikotoka. Angaliandika kwa Kiarabu au Kiswahili, angalikuwa mwaminifu kwa Mtoni lakini watoto wasingemfahamu. Alichagua kufahamika. Hata hivyo, majina ya majumba, vyakula, nguo na sherehe za Unguja hakuyaacha. Yanajitokeza ndani ya Kijerumani kama visiwa, na msomaji wa Kiswahili huyatambua mara moja pale ambapo msomaji wa Berlin alihitaji maelezo.

Wajane wawili

Kumbukumbu hizi zinaweza kuwekwa kando ya utenzi maarufu wa Mwana Kupona binti Mshamu, uliotungwa mwaka 1858. Mara nyingi husahauliwa kwamba Mwana Kupona naye alikuwa mjane. Mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, alifariki mwaka 1856, mwaka ule ule aliofariki Sayyid Said, na wawili hao walikuwa mahasimu, kwani Siyu iliyakataa mamlaka ya Unguja kwa silaha. Kwa hiyo mjane wa mpinzani na binti wa mtawala waliandika wakiwa pande mbili za ugomvi mmoja.

Yanayofanana ni mengi. Wote wawili waliandika wakiwa wagonjwa au wakihofia kifo, wakawaandikia watoto wao, na kalamu kwao ilikuwa wasia. Lakini Mwana Kupona aliandika akiwa kwao. Lugha yake ni lugha ya binti yake Mwana Hashima, na jamii anayoizungumzia iko mlangoni. Kwa sababu hiyo anaweza kuusia, yaani kusema mwanamke afanye nini, kwa kuwa anajua dunia itakayompokea mwanawe. Salme hawezi kuusia. Hajui watoto wake watakuwa watu wa wapi. Lililobaki kwake ni kueleza: hivi ndivyo tulivyokula, hivi ndivyo tulivyofunga, hivi ndivyo tulivyozika. Mjane aliye kwao hutoa nasaha, na mjane aliye ugenini hutoa ushahidi. Tofauti hii ya tanzu haikutokana na elimu wala kipaji, ilitokana na mahali alipokaa mwandishi.

Marejeo ya 1885

Mwezi Agosti 1885, baada ya miaka 19, Salme alirudi Unguja pamoja na watoto wake, akisafiri na kikosi cha manowari za Kijerumani. Watu wa mjini walimkusanyikia na kumwamkia, lakini Barghash alikataa kumwona. Dai lake la urithi lilikuwa limebebwa na serikali ya Berlin kwa sababu zake yenyewe. Mwezi huo huo Barghash alilazimika kuukubali ulinzi wa Kijerumani barani, na maslahi makubwa yalipokwisha kupatikana, dai la mjane likawekwa kando. Alijaribu tena mwaka 1888, bila ya mafanikio.

Katika habari za kawaida za safari, marejeo ndiyo mwisho mwema. Hapa marejeo ndiyo yaliyomthibitishia kwamba pa kurudi hapakuwepo. Mwishoni mwa Kumbukumbu anajipima mwenyewe na kukiri kwamba hakuwa tena mzima wa upande wowote, si kwa dini wala kwa asili. Wapo watakaolisoma hilo kama kushindwa, na methali wanayo tayari: mwacha asili ni mtumwa. Lakini mtu anayeweza kusema kwa usahihi amepungukiwa na nini kila upande amejitambua zaidi ya yule anayedai ukamilifu. Wala hakuishia kwenye majonzi. Baada ya 1888 alichagua kukaa Jaffa, kisha Beirut hadi mwaka 1914, miji ambayo haikuwa Unguja wala Hamburg, lakini ambamo Kiarabu kilisikika mitaani. Hayo yalikuwa makazi ya kwanza aliyoyachagua bila ya mume, kaka wala msimamizi.

Mipaka ya kujitambua

Lingekuwa kosa kumaliza hapo. Kumbukumbu zina sura juu ya utumwa, na katika sura hiyo Salme anautetea utumwa wa Unguja na kuwashutumu Wazungu waliotaka kuukomesha. Huyu ni binti wa mwanamke aliyetekwa utotoni, tena ni mjane aliyelia kwa kunyimwa uamuzi juu ya mali na watoto wake. Vyote hivyo vilitosha kumfungulia mlango wa kuelewa hali ya mtumwa, naye hakuingia. Mashamba ya karafuu anayoyakumbuka kwa mapenzi yalilimwa na watu ambao ndani ya kitabu hawana simulizi lao.

Suala hili halijaisha. Mwaka 2019 kiwanja kimoja mjini Hamburg kilipewa jina la Emily Ruete, na mwaka 2020 ikaamuliwa jina hilo liondolewe kwa sababu ya maneno yake hayo juu ya utumwa. Kwa mwalimu wa fasihi, kufuta jina hakutoshi, na kumsifu tu hakutoshi vilevile. Linalohitajika ni kuonyesha kwamba kujitambua si taa inayomulika pande zote. Mtu anaweza kuona kwa ukali dhuluma anayotendewa, na asiione ile inayomlisha.

Hitimisho

Makala haya yameeleza kwamba ujane wa Sayyida Salme ulikuwa eda isiyo na mwisho, kwamba ugeni wake haukupewa jembe, na kwamba kalamu aliyojifundisha kwenye mfupa wa ngamia ndiyo iliyomtoa katika hali zote mbili kwa kadiri ilivyowezekana. Maandishi yake yanafaa kusomwa katika idara za Kiswahili ingawa si ya Kiswahili kwa lugha. Yafaa yasomwe pamoja na utenzi wa Mwana Kupona ili sauti ya mjane wa pwani isikike kutoka nyumbani na kutoka ugenini, na pamoja na Safari za Wasuaheli ili ionekane kwamba si kila msafiri hurejea. Ili jambo hilo liwezekane darasani, Barua zinahitaji tafsiri makini ya Kiswahili, itakayofanywa na mtu anayejua kwamba baadhi ya maneno yaliyomo hayatafsiriwi bali yanarudishwa tu.

Alizikwa Hamburg, kando ya mumewe, katika makaburi ya Ohlsdorf. Pamoja naye kilizikwa kifuko cha mchanga wa Unguja.